Herufi za Zaituni Hazina Kivuli

Zaituni mwanangu,

Katika Johannesburg hii yote hakuna mwenye bahati kama baba yako, na anayebisha aje dukani tubishane, chai juu yangu. Wenzangu wanatafuta fundi wa maandishi miaka nenda miaka rudi, wanaambulia walevi na watu wenye mikono ya kupigia ngoma. Mimi nimekaa zangu hapa Yeoville, mguu juu ya mguu, fundi kanifuata mwenyewe. Hamisi. Mtu wa Tanga, Ngamiani kabisa, akivuta mstari rula inaona haya. Jumatatu anaanza. Nimekuimbia habari hiyo mwezi mzima, na sasa naiandika, kwa sababu bahati ikiandikwa inanoga zaidi. Basi kesho panda basi lako uende chuo, kaa dirishani, usigeuze shingo. Duka lina mtu.

Naandikia hapa kaunta, na wewe nakuona. Uko ng'ambo ya barabara kwa Maman Furaha unasukwa, na kwa vile umechagua zile nyembamba kama uzi, nina muda wa kuandika kitabu kizima na kukipaka rangi. Naona mdomo wake unakwenda. Anakupa mawaidha ya safari, basi mimi sitarudia. Habari za sweta, habari za wanaume, habari za kula kabla ya kulala, hizo ni zamu yake. Kuhusu maji, nasikia huko Cape Town ukame umebana, watu wanaoga kwa kikombe. Wewe umelelewa na mwanamume mmoja na beseni moja. Utawafundisha.

Mimi nataka kukuandikia habari za herufi. Najua Kiswahili unakielewa kama maji na unakijibu kwa Kiingereza. Soma polepole, na ukikwama soma kwa sauti, sikio lako litalisaidia jicho. Barua hii nitaitia chini kabisa ya begi, ndani ya kanga ya mama yako, mahali ambapo hutafika mpaka umefika.

Unajua mimi shule niliiaga darasa la tano, na shule haikulia. Vitabu sikusoma. Lakini herufi nimezisoma kuliko maprofesa. Nimeandika majina ya watu Tanga, Mbeya, Lusaka, Harare mpaka hapa, na kuna malori yenye mkono wangu yaliyofika mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika. Fundi wangu wa kwanza, Fundi Mbaruku, alinipa brashi na sheria moja tu: "Kosa likikushinda, litie kivuli." Maana yake hivi. Umechora B, tumbo limetoka kombo. Usifute. Nenepesha, halafu zungushia rangi nyingine upande mmoja, njano au bluu, kama vile jua linaipiga herufi. Mpita njia ataona kivuli, atasema huyu fundi hatari. Tumbo la B hataliona. Nilikuwa kijana mdogo, nikaona nimepewa ufunguo wa dunia.

Na ufunguo ule niliujaribu kwenye kila mlango. Mama yako, Mungu amrehemu, nilimwandikia kwamba nina nyumba Johannesburg. Nilikuwa na chumba, tena nusu, nusu ya pili alikuwa anakoroma Mmalawi mmoja. Alipofika akakuta pazia katikati, hakulia. Aliliangalia pazia, akaniangalia mimi, akasema, "Kibwana, punguza kivuli." Ikawa ndiyo salamu ya nyumba yetu. Nikisema nimemfukuza mwizi mpaka Hillbrow: punguza kivuli. Nikisema mzungu kaniomba nikamfundishe kazi: punguza kivuli. Alipotuacha ulikuwa na miaka tisa, nikadhani maneno yale yamezikwa naye. Wiki chache baadaye nikajisifu kitu, hata sikumbuki nini, na wewe toka kwenye ugali wako ukasema, "Baba, punguza kivuli," kwa sauti ile ile. Nilitoka nje nikajifanya natafuta brashi.

Sasa nikuulize: boksi la manukato unalikumbuka? Nilikuwa nimeandika kioo cha duka moja kule Kensington, mwenye duka akanipa boksi tupu, zuri, nikasema mwanangu atawekea vibanio. Vibanio hukuweka. Ulikaa nalo kutwa. Juu yake palikuwa na neno moja tu, kwa herufi nyembamba kama unywele, na kila ncha ina kijiguu, serif mnaiita ninyi wasomi, kama herufi imevaa kiatu cha kutokea. Ukaniuliza, "Baba, nani amezichora hizi?"

"Mashine."

"Na mashine, nani aliiambia?"

Zaituni, maisha yangu yote nilikuwa nakula kwa herufi na swali hilo halijawahi kunipita kichwani. Nilidhani zipo tu, kama mawe. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mahali fulani alikaa, akakuna kichwa, akaamua tumbo la a liishie wapi. Ungeniona ndani ungeona taa imewaka. Lakini nikakujibu, "Maliza chakula." Hilo naliweka katika makosa yangu makubwa, juu kabisa, juu ya yale ya kuvuka mipaka bila karatasi.

Ukazichora mwenyewe. Kwanza kwa penseli, halafu kwenye ile kompyuta chakavu ya dukani inayopuliza kama mgonjwa wa pumu. Nilikucheka. Nilisema herufi zako zina njaa, zipelekwe zikapewe pap, ugali wa huku, na nyama. Ulichokuwa hujui ni kwamba ukienda shule, mimi nilikuwa nazifungua kuzichungulia. Siku moja nikaweka rula kwenye kioo cha kompyuta nikapima o. Imevuka mstari, juu na chini. Nikafurahi kama polisi. Uliporudi nikakwambia, "Mwanafunzi, o yako imetoka nje ya uwanja."

"Lazima itoke, Baba. Ikikaa ndani, jicho litaiona fupi."

Sikuamini. Nikaenda nyuma ya duka nikachora mwenyewe ubaoni, o moja sawasawa na mstari, nyingine imevuka kidogo. Nikarudi hatua kadhaa. Ile iliyokuwa sawasawa ilionekana imesinyaa, ile iliyovuka ndiyo ikaonekana sawa. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikajiuliza, jicho langu limenidanganya tangu lini, na katika mambo gani mengine?

Vile vijiguu nilidhani ni madoido, kama hereni. Ukaniandikia neno moja mara mbili, mara ya kwanza bila vijiguu, mara ya pili navyo. Bila, zile herufi nyembamba zilisimama kama watu waliogombana kwenye foleni. Navyo, zikashikana mabega na mstari ukanyooka. Kitu kidogo vile, na ndicho kinachoshika neno zima.

Halafu kikaja kipindi cha "Baba, nipe maneno." Hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Ulikuwa unataka maneno ya Kiswahili ya kujaribia, nami nikawa nayatoa kama tajiri. Nikakupa "wakawakaribisha". Ukaliandika, ukalitazama, ukashika kichwa. "Eish, Baba. Lugha yenu ni a tupu." Na kweli. Mimi mwenye lugha sikujua. Ukanieleza kwamba wale waliochora herufi zile za boksi walikuwa wanafikiria lugha zao, a kwao inapita mara moja moja na k inakuja kama mgeni. Kwetu a imejaa kila chumba, na k na w ndio wenye nyumba. A ikiwa na kasoro kidogo tu, ukurasa wote unaumwa. Ukarudi kuichora upya. Baridi nzima ya Johannesburg uliimaliza ndani ya a moja, na hita imewekwa miguuni. Ulipomaliza ukaniandikia jina la mama yako, Asha, kwa sababu lina a mbili, moja kubwa, moja ndogo. Nikasema, "Sharp," kama vijana wa huku wakipenda kitu, nikaenda kununua mkate ambao hatukuuhitaji.

Nilitaka zile herufi uziite jina langu. Ukasema jina langu halitaenea mle. Ukaziita Unyasi.

Siku nyingine, hii hujaisahau, nilikuomba unifundishe. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza mchezo wake. Katika herufi zangu nene mchezo ule unamezwa, rangi ni nyingi, hakuna anayejua. Nikachora n ya Unyasi kwa brashi ndogo. Mtetemo wote ukaonekana, toka kichwani mpaka kisiginoni, kama mshono uliofumuka. Nikawa natafuta pa kutia kivuli. Ukanishika kiwiko.

"Hapa kivuli hakikai, Baba. Ukikitia kitakuwa kinene kuliko herufi yenyewe."

Nikacheka, nikasema hizo ni herufi za polisi, zinamkamata mtu. Lakini maneno yale nimelala nayo siku nyingi. Hamisi naye nitamwambia akija. Hamisi, kwa taarifa yako, hanywi, hakoromi, na hali sana. Mtu wa ajabu.

Sasa nifike kwenye matanga ya Papa Anselme, maana najua huko chuoni utawasimulia, na afadhali uwe nayo yote. Mimi naisimulia kila mahali kama kichekesho. Papa Anselme alikuwa Mkongo wa Bukavu, mlinzi, mtu mpole ambaye hata akikugongea mlango unadhani ni upepo. Alipofariki, Maman Furaha, ambaye ni dada wa mjane, akaja kwangu kuagiza bango la getini. Wewe ulikuwa shule. Ulishaniambia mara nyingi, "Unyasi si ya mbali, Baba." Lakini mimi nilitaka mtaa mzima uone mwanangu amefanya nini. Nikaweka picha ya marehemu pembeni. Nyuma nikajaza mawingu meupe, maana mtu anakwenda mbinguni. Na juu ya mawingu jina lake, kwa Unyasi, jeupe. Pale dukani, pua yangu ikiwa karibu kugusa turubai, nilikaribia kulia kwa uzuri.

Likatundikwa. Sasa mtaa ule ule, ua unaofuata, palikuwa na matanga mengine, ya mzee mmoja Mrundi, na bango lao lilikuwa na maandishi meusi manene kama matofali. Watu wa Anselme wakishuka taksi pale kwenye robot, zile taa za barabarani, wanaona huku mawingu matupu, kule jina na watu wengi. Mtu mwenye majonzi hasimami kusoma, anaingia penye kilio. Kaka zake wametoka Durban, wameingia kwa Mrundi, wamelia, wamejitupa chini, wamepewa chai na mkate. Mmoja nasikia alisimama kutoa sifa za marehemu, na Warundi wakaitikia. Hapo ndipo ninapoishia mimi, wasikilizaji wakishika mbavu.

Ambacho sisimulii ni hiki. Mjane alikuwa amekaa mkekani tangu asubuhi, viti vimepangwa mpaka ukutani, vitupu. Nilipoingia kutoa pole nilimsikia anamuuliza dada yake, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Furaha, bwana yangu, batu habakumupenda?" Maman Furaha akatoka nje. Akavuka barabara, akaliangalia bango kwa mbali, akarudi akanisimamia mbele.

"Papa Zaituni, tulikuomba utuandikie jina. Weye umetuandikia siri."

Na mimi, kwa mdomo huu mrefu unaoujua, nikasema, "Hizo ni herufi za mtoto."

Ulikuwa umesimama nyuma yangu na sare ya shule, begi mgongoni.

Ulikwenda nyumbani ukarudi na shuka letu la kitanda, kopo la rangi nyeusi na brashi yangu kubwa. Ukalitandaza palepale kwenye lami ukaandika ANSELME, nene, mbaya, bila kijiguu hata kimoja, rangi inachuruzika kwenye E. Wewe ukashika pembe huku, mimi pembe kule, tukasimama getini kama nguzo za goli. Wakaanza kuja. Walitoka kwa Mrundi mstari mmoja, wengine mkate bado mkononi, na yule kaka aliyetoa sifa akaja kuzitoa upya. Mjane alinyanyua uso akaona viti vinajaa.

Kesho yake ukachapa ile karatasi ya ibada, ya kushika mkononi. Jina lake kwa Unyasi, wino mweusi, karatasi nyeupe, nafasi kubwa pande zote kama ua uliofagiliwa. Mjane aliipapasa kwa kidole, akasema, "Hapa njo anafanana," yaani hapa ndipo anapofanana na mwenyewe. Nikaichukua na mimi nikaiangalia. Kweli, alikuwa Anselme yule, anayegonga mlango kama upepo. Herufi zangu zinamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Zako zinazungumza na aliyekwisha kaa karibu. Mimi sijawahi kuwa na la kumwambia mtu wa karibu, nadhani ndiyo sababu sikuzihitaji.

Tulipokuwa tunarudi nilikwambia, "Kazi nzuri." Nilikuwa na neno jingine la kukwambia kuhusu nilivyokusukumia lawama mbele za watu. Neno lenyewe hili hapa, limechelewa na limechoka kwa safari: ulikuwa umenionya, na kosa lilikuwa langu, mawingu na yote.

Halafu mwaka jana. Ulipata nafasi hii hii, chuo hiki hiki. Ukaja na simu unaruka, halafu ukaona namna nilivyoshika kikombe kwa mikono miwili. Ukaacha kuruka. Ukauliza, "Sasa nani atachora, Baba?" Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Nilijua jibu zuri na jibu baya. Nikanyamaza, nikakiangalia kikombe, na kimya kile ukakisoma vizuri kuliko maandishi, ukawaandikia chuo wakusubiri. Mwaka mzima umechora mabango ya saluni na ya makanisa, nami nikiwaambia wateja ni mkono wangu. Kila asubuhi ukifungua lile shata la mlango wa duka nilifurahi na nilijiona mwizi, yote kwa pamoja, kabla ya chai.

Kwa hiyo mwaka huu barua yao ilipokuja sikukupa muda wa kuangalia kikombe. Nikasema Hamisi. Ukauliza, "Anachoraje a?" Nikasema anaichora vizuri sana. Ukaniangalia kwa muda mrefu, kama unavyozikagua herufi kabla ya kuzichapa, ukaenda kutafuta begi.

Huko uendako nina maswali yangu, unitafutie majibu, maana mimi chuo changu ni wewe. Kwa nini mstari mweupe juu ya cheusi unaonekana mnene kuliko mweusi juu ya cheupe, na ilhali upana ni mmoja? Nimepima. Mtu akisoma, anaona wino au anaona ule weupe uliobaki ndani ya herufi? Na yule mtu wa kwanza kabisa kuiwekea herufi kijiguu, alikuwa anaficha kosa kama mimi, au aliona kitu? Ukijua nipigie, hata kama ni usiku wa manane. Nitajifanya nilikuwa macho.

Maman Furaha amesimama anajinyoosha mgongo, naona umebaki upande mmoja wa kichwa. Muda wangu unaisha. Juu ya mlango wetu bado kuna jina langu, jekundu na kivuli cha njano, linasomeka toka kwenye robot. Chini, kwenye kioo, usawa wa macho, kuna yale maandishi yako madogo ya Unyasi. Hayo sitaruhusu mtu ayaguse. Mimi nitaendelea na herufi nene mpaka mkono ukatae, na siku ukikataa nitauza rangi badala ya kupaka, mdomo bado mzima. Wewe lolote utakalolisoma hapa chini usirudi. Ukirudi kabla hujamaliza nitajifungia ndani, na unanijua.

Sasa umefika. Begi umelifungua, kanga umeikunjua, basi lilishageuza kurudi huku. Mstari wa mwisho nimeuandika kwa mkono, kwa herufi zako, nyembamba, na vijiguu vyake kila kimoja. Umenichukua muda kuliko barua yote. Utaona umetetemeka toka mwanzo mpaka mwisho. Usogeze karibu.

Ni mimi baba yako, Kibwana.

Hamisi hayupo. Hajawahi kuwapo.